Tathmini ya vihatarishi katika unyanyuaji wa mizigo kwa kamba za waya

Tathmini ya vihatarishi katika unyanyuaji wa mizigo ni uchunguzi unaofanywa kabla mzigo haujaachana na ardhi, ili kujua ni kitu gani kinaweza kukatika, kuanguka au kumbana mtu, na kuamua namna ya kukizuia. Huhitajika bandarini, migodini, kwenye ujenzi na popote penye kreni au winchi.

Kamba ya waya ilianza kutumika mwaka 1834 katika migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, ambako Wilhelm Albert, ofisa wa migodi wa Clausthal, alitafuta mbadala wa minyororo iliyokuwa ikikatika. Pete moja ya mnyororo ikipasuka, mzigo umeanguka. Kamba ya waya ina nyuzi nyingi za chuma zilizosukwa kuwa misokoto, nayo misokoto huzungushwa juu ya kiini cha katani au cha chuma. Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki huendelea kubeba. Kwa hiyo kamba hii mara nyingi huonyesha dalili kabla ya kukatika, na sehemu kubwa ya tathmini ni kuzisoma dalili hizo mapema.

Dalili ya kwanza ni nyuzi zilizokatika. Huhesabiwa katika urefu ambao msokoto mmoja humaliza mzunguko mzima wa kamba. Kwa slingi, yaani kipande cha kamba kinachofunga mzigo kwenye ndoano, kipimo kinachotumika Marekani ni nyuzi 10 zilizokatika hapa na pale katika urefu huo, au 5 ndani ya msokoto mmoja. Ikifika hapo, slingi huondolewa kazini. Huondolewa pia ikiwa nyuzi za nje zimelika theluthi moja ya unene wake, ikiwa kamba imepinda ikabaki na kifundo, imepondwa, imeungua, au misokoto yake imefumuka na kutanuka kama tundu la ndege. Kutu ya ndani ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kamba inaweza kung'aa kwa grisi huku kiini chake kimekauka na nyuzi za ndani zinaliwa. Kupungua kwa unene wa kamba na kukakamaa kwake huashiria hali hiyo. Ukaguzi hufanywa kamba ikiwa imesimama, kwa kitambaa na glavu nene, kamwe si kwa kiganja kitupu.

Kamba nzima nayo huweza kuzidiwa. Uzito salama wa slingi ya waya kwa kawaida huwa moja ya tano ya uzito unaoweza kuikata. Nafasi hiyo imeachwa kwa ajili ya uchakavu, mipindo na mishtuko. Anayeitumia kubebea mzigo wa ziada ameiondoa kinga yenyewe. Uzito wa mzigo husomwa kwenye hati au hukokotolewa. Kuukisia kwa macho si tathmini.

Kosa linalojificha kuliko yote ni pembe. Slingi mbili zinazotoka kwenye ndoano moja na kubeba tani 2 zikiwa wima, kila moja hubeba tani 1. Zikitanuliwa hadi kila moja ifanye pembe ya digrii 60 na mstari wa mlalo, mvuto katika kila slingi hufika takriban tani 1.15, kwa digrii 45 ni tani 1.41, na kwa digrii 30 ni tani 2 kamili. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja, lakini kila slingi inavutwa kana kwamba imeubeba peke yake. Ndiyo sababu pembe iliyo chini ya digrii 30 huepukwa, na tathmini isiyotaja pembe haijakamilika. Slingi iliyofungwa kwa kitanzi kinachojikaza hupoteza takriban robo ya uwezo wake, na inayopita kwenye kona kali lazima iwekewe kinga ya mbao au mpira.

Baada ya kamba hutazamwa mahali na watu: udongo ulio chini ya miguu ya kreni, nyaya za umeme, na upepo, hasa kwa mabati na vitu vingine vipana. Hakuna anayeruhusiwa kupita chini ya mzigo au kusimama kwenye mstari wa kamba iliyokazwa, kwani ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuua. Mtoa ishara huwa mmoja, na mzigo huongozwa kwa kamba ndefu badala ya mikono. Kuinua kwa ghafla hupigwa marufuku, maana mshtuko huongeza mvuto mara nyingi kupita uzito wenyewe.

Mkataba Na. 152 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979, ambao Tanzania imeuridhia, unataka vifaa vya kunyanyulia bandarini vijaribiwe kabla ya kutumika mara ya kwanza na vichunguzwe kikamilifu na mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi 12. Cheti cha uchunguzi huo hakiondoi ukaguzi wa kabla ya kazi, kwa kuwa kamba inaweza kuharibika siku moja baada ya cheti kutiwa saini. Mzigo, kreni au hali ya hewa ikibadilika, tathmini hurudiwa. Slingi iliyokataliwa hukatwa vipande papo hapo, isije ikaokotwa na zamu inayofuata.