Gundi Iliyoponza Kanda

Mwaka 1993 kampuni ya Ampex ilipewa hataza nchini Marekani kwa uvumbuzi wa ajabu kidogo: kuoka kanda za sauti. Riili huwekwa katika joto la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa nyingi, ikapoa, ndipo ikakubali kuchezwa. Kichekesho ni kwamba kanda nyingi zilizohitaji tiba hiyo zilikuwa zimetoka kiwandani kwa Ampex yenyewe.

Kanda ya sauti ilianzia Ujerumani. Mwaka 1928 mvumbuzi Fritz Pfleumer alipaka unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi. Kampuni ya AEG ikaunda mashine iliyoitwa Magnetophon, kampuni ya BASF ikatengeneza kanda za plastiki, na mwaka 1935 mashine hiyo ikaonyeshwa Berlin. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwanajeshi wa Marekani Jack Mullin alisafirisha kwao mashine mbili na riili 50. Kufikia 1947 mwimbaji Bing Crosby alikuwa akirekodi vipindi vyake vya redio kwa kanda.

Kanda za enzi hizo, kama Scotch 111 ya kampuni ya 3M, zilikuwa za asetati. Zikizeeka hukauka, nyingine hunuka siki. Lakini zikikatika hukatika vizuri, fundi akaziunga. Poliesta iliyofuata ni ngumu kukatika, ila ikivutwa kupita kiasi hurefuka, na sauti iliyopinda hivyo hainyooki tena.

Balaa lenyewe lilikuja miaka ya 1970, na halikuwa kwenye plastiki wala kwenye chuma. Studio zilitaka kanda itakayobeba sauti kubwa bila mvumo wa chinichini. Ampex 456 ikawapa walichotaka, ikatamba. Unga wake wa chuma ulishikiliwa na gundi ya poliyurethani, ambayo hunyonya unyevu wa hewani miaka nenda miaka rudi mpaka ikageuka ulimbo. Kanda hung'ang'ania kichwa cha mashine, hupiga kelele, na kila inapopita huacha unga wa kahawia, yaani muziki wenyewe unabanduka. Kwa pwani yetu yenye hewa nzito hilo si jambo la mbali: Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi kwenye riili kwa miongo kadhaa.

Ndiyo maana mimi singenunua 456 ya miaka hiyo hata kama boksi halijafunguliwa. Gundi huzeeka humo humo. Kanda mpya zipo, ingawa zilikaribia kutoweka. Mwanzoni mwa 2005 kampuni ya Quantegy, iliyorithi kiwanda cha Ampex huko Opelika, Alabama, ilifunga milango ghafla na studio zikagombania akiba iliyobaki. Leo kampuni ya Recording The Masters inazitengeneza Avranches, Ufaransa, kwa fomula zenye asili ya BASF na Agfa, na ATR Magnetics wako York, Pennsylvania. Bei si ya mchezo.

Aliyerithi riili kuukuu aanze kwa kuzielekeza kwenye taa, azitazame kwa ubavu. Asetati hupitisha mwanga, poliesta huwa nyeusi tii. Tofauti hiyo ijulikane kabla tanuri halijawashwa: poliesta yenye ulimbo ikishaokwa inakiliwe upesi, kwani unyevu utarudi. Asetati haiokwi kabisa.