Kemang: Mtaa wa wageni Jakarta, ambako hati na maji huamua thamani ya nyumba

KEMANG ni jina linalofahamika kwa takribani kila mgeni aliyewahi kufanya kazi katika jiji la Jakarta, nchini Indonesia. Mtaa huo uko Jakarta Kusini, sehemu kubwa yake ikiwa katika wilaya ya Mampang Prapatan, kilometa chache kutoka eneo la ofisi na mabenki la Sudirman. Una miti mikubwa, nyumba pana zenye bustani, mikahawa, maduka ya samani na kumbi za sanaa. Kwa miaka mingi umehesabiwa miongoni mwa mitaa ghali ya jiji hilo, na madalali huutangaza kwa maneno matamu.

Hata hivyo, wanaoufahamu kwa karibu hutanguliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei. Hati ya kiwanja ni ya aina gani, na mvua kubwa ikinyesha maji hufika wapi?

Jina la mtaa limetokana na mti wa kemang, wa jamii ya mwembe. Kabla ya jiji kupanuka, hapo palikuwa kijiji cha Wabetawi, wenyeji wa asili wa Jakarta, walioishi kwa bustani za matunda na ufugaji. Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na kampuni za kigeni zikamiminika Indonesia, wageni walihitaji nyumba kubwa mahali palipotulia. Wenye mashamba waliuza ama walijenga wakapangisha, na vijia vya kijiji vikageuka barabara. Upana wa barabara hizo haukuongezeka kwa kadiri ileile, na hiyo ndiyo asili ya foleni zinazolalamikiwa hadi leo.

Biashara hiyo ya kupangisha ilipata pigo mwaka 1998. Katikati ya mwaka 1997 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takribani rupia 2,400. Mwaka mmoja baadaye ilivuka rupia 16,000. Ghasia za Mei 1998, zilizotangulia kujiuzulu kwa Rais Suharto Mei 21, ziliwafanya wageni wengi kuondoka. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi za kuishi kando ya barabara kuu, Jalan Kemang Raya, ziligeuzwa migahawa, baa na maduka. Mwaka 2012 lilifunguliwa jengo kubwa la maduka la Lippo Mall Kemang, ndani ya mradi wa maghorofa ya kuishi wa Kemang Village. Tangu hapo mtaa umekuwa wa namna mbili: wale wa nyumba za chini zenye bustani, na wale wa ghorofani.

Maisha ya kila siku hapo ni ya starehe kwa mwenye uwezo. Shule ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1951, ambayo tangu 2014 huitwa Jakarta Intercultural School, iko Cilandak, mwendo mfupi kwa gari kukiwa hakuna foleni. Sharti hilo la foleni si dogo. Treni ya MRT iliyoanza kazi Machi 2019, yenye vituo 13 katika kilometa 15.7, haipiti Kemang. Imefuata barabara ya Fatmawati upande wa magharibi, na mkazi hulazimika kupanda pikipiki ya abiria, ojek, kwenda kituo cha Cipete Raya, Haji Nawi au Blok A. Tangazo linalosema nyumba iko "jirani na MRT" linafaa kupimwa kwa miguu, tena saa za jioni.

Mpangaji wa nyumba nzima huombwa kodi ya mwaka mmoja, mara nyingine miwili, kwa mkupuo. Zamani wenye nyumba walidai dola, lakini kanuni ya Benki Kuu ya nchi hiyo iliyoanza kutumika Julai 1, 2015 inataka malipo ya ndani ya nchi yafanywe kwa rupia. Mkazi mpya hutakiwa pia kujitambulisha kwa mkuu wa RT, kiongozi wa kundi la kaya za jirani, mfano wa balozi wa nyumba kumi. Wageni wengi hulichukulia jambo hilo kuwa la urasimu tu. Kumbe mkuu huyo ndiye anayejua nyumba ipi ina mgogoro wa urithi, na ipi iliingiwa na maji.

Maji ndiyo tatizo kubwa la Kemang. Mto Krukut hupita katika eneo hilo ukiteremka kutoka kusini, na sehemu za mtaa ziko bondeni kama bakuli. Agosti 27, 2016, mwezi ambao kwa kawaida ni wa kiangazi, mvua kubwa ilinyesha, ukuta wa kando ya mto ukaporomoka na Jalan Kemang Raya ikafunikwa. Magari yaliyoegeshwa chini ya majengo yalizama. Januari 1, 2020 Jakarta ilikumbwa na mvua iliyofikia milimita 377 kwa siku moja katika kituo cha Halim, na zaidi ya watu 60 walipoteza maisha katika jiji na maeneo ya jirani. Februari 20, 2021 Kemang ilizama tena, na wakazi walitolewa kwa mashua za mpira.

Baada ya mafuriko ya 2016, uongozi wa jiji ulieleza kuwa mto umebanwa mno na nyumba zilizojengwa hadi ukingoni, na kwamba baadhi ya nyumba hizo zina hati halali. Hapo ndipo penye somo kwa mnunuzi. Hati halali inathibitisha mwenye kiwanja ni nani. Haithibitishi kwamba kiwanja kilistahili kujengwa. Serikali ikitaka kuupanua mto, mwenye hati atastahili fidia, lakini hadi siku hiyo atakuwa akiishi na tope. Bima ya kawaida ya moto nayo hailipi hasara ya mafuriko mpaka kifungu hicho kiongezwe na kulipiwa.

Kwa hiyo nyumba mbili zinazotenganishwa na mita 200 zaweza kuwa na hatima tofauti kabisa. Mwenye busara huenda kuitazama nyumba Januari au Februari, wakati wa masika ya Jakarta, si Julai. Hutazama alama za maji ukutani, vizingiti vilivyoinuliwa mlangoni, na kimo cha soketi za umeme. Rangi mpya iliyopakwa chini tu ya ukuta ni dalili ambayo haihitaji mtaalamu.

Swali la pili ni la hati, na hili limewatia hasara watu waliosoma. Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya mwaka 1960 inatoa Hak Milik, yaani umiliki kamili usio na kikomo, kwa raia wa Indonesia pekee. Mgeni aliyeipata kwa urithi au kupitia mali ya ndoa hutakiwa kuiachia ndani ya mwaka mmoja. Kampuni, ikiwamo ile yenye mtaji wa kigeni iliyosajiliwa nchini humo, inaweza kupata Hak Guna Bangunan, haki ya kujenga na kumiliki jengo juu ya ardhi kwa muda. Mgeni binafsi hupewa Hak Pakai, haki ya matumizi. Kwa Kanuni ya Serikali Na. 18 ya 2021, haki hizo mbili hutolewa kwa hadi miaka 30, huongezwa 20, na huweza kufanywa upya kwa miaka 30 mingine.

Tangu sheria ya ajira na uwekezaji ya mwaka 2020, iliyorithiwa na Sheria Na. 6 ya 2023, mgeni ameruhusiwa kumiliki nyumba ya ghorofani iliyo juu ya ardhi ya Hak Guna Bangunan. Kuna viwango vya chini vya bei: kwa uamuzi wa mwaka 2022, mgeni anayenunua Jakarta haruhusiwi kununua nyumba ya chini iliyo pungufu ya rupia bilioni 5, wala ya ghorofani iliyo pungufu ya bilioni 3. Madalali hawapendi kukumbusha kwamba muda wa ardhi chini ya ghorofa ukikaribia kwisha, wenye nyumba wote hulazimika kuuongeza kwa pamoja. Jengo lenye chama dhaifu cha wamiliki huingia kwenye kazi hiyo likiwa limegawanyika.

Kwa kuwa njia halali ni ndefu, wapo wageni wanaonunua Hak Milik kwa jina la raia, rafiki au mfanyakazi, kisha wakaandikishana mikataba ya siri kwamba mali ni ya mgeni. Ibara ya 26 ya sheria ya 1960 iko wazi: uhamishaji wa moja kwa moja au wa kuzunguka unaompa mgeni Hak Milik ni batili, ardhi huwa ya serikali na fedha zilizolipwa hazidaiwi. Aliyeandikwa jina akifariki, warithi wake wana hati. Mgeni ana karatasi asiyoweza kuipeleka mahakamani bila kujishtaki mwenyewe.

Hata ndoa ina mtego wake. Raia aliyeolewa au kuoa mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali alihesabiwa kuwa amemshirikisha mgeni umiliki, na hivyo alikataliwa Hak Milik. Oktoba 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya harusi.

Mauziano hufanywa mbele ya PPAT, ofisa aliyeidhinishwa kuandaa hati za ardhi, baada ya kukagua daftari la ofisi ya ardhi. Mnunuzi hulipa ushuru wa asilimia 5 baada ya kiwango kilichosamehewa, na muuzaji kodi ya asilimia 2.5. Anayetaka kugeuza nyumba kuwa mkahawa, kama walivyofanya wengi, hana budi kutazama kwanza ramani ya matumizi ya ardhi iliyotolewa na gavana mwaka 2022, kwani si kila kiwanja kinachopakana na mkahawa kinaruhusiwa kuwa na mkahawa.

Zimebaki pia karatasi kongwe ziitwazo girik, stakabadhi za kodi ya ardhi zilizotumiwa na familia za Kibetawi kuonyesha kwamba shamba ni lao. Bei ya kiwanja chenye girik huwa nafuu, na ndiyo inayovutia. Kanuni ya Februari 2, 2021 iliwapa wenye nazo miaka 5 kusajili ardhi yao. Baada ya hapo girik haihesabiki tena kuwa ushahidi wa haki, bali kielelezo tu cha kuanzia upimaji.