Kope Zinapolegea: Historia ya Dawa ya Pili ya Sumu ya Nyoka

Leo tunazungumzia nyoka ambaye sumu yake hulegeza mwili. Mtoto akiumwa na fira, kope humwangukia kama mwenye usingizi, halafu hushindwa kumeza mate, mwisho pumzi hukatika. Tangu miaka ya 1890 tiba ni dawa ya kuua sumu, inayotengenezwa kutokana na damu ya farasi. Lakini ni ghali, na zahanati nyingi hazina. Je, hakuna nyingine?

Iko, na ajabu ni kwamba ilitokana na sumu. Kule Calabar, Nigeria, zamani walioshukiwa uchawi walilishwa mbegu fulani. Aliyetapika alipona, asiyetapika mara nyingi alikufa. Wazungu wakaichunguza mbegu hiyo, wakapata dawa ya fizostigmini. Mwaka 1934, London, daktari Mary Walker alimdunga mgonjwa mwenye maradhi ya kulegea misuli, na kope zikainuka.

Sumu ya fira huziba mlango ambao neva hupitishia ujumbe kwa msuli. Dawa za jamii hii huzuia ujumbe usiharibike mapema, ukajaa, ukashindana na sumu mlangoni. Mwaka 1986 ilichapishwa habari ya wagonjwa 10 wa Ufilipino walioumwa na fira: walipopewa edrofoni, macho na misuli ilipata nguvu. Mwaka 2013 Mmarekani, daktari Matthew Lewin, alikubali kulegezwa mwili kwa dawa akiwa macho kabisa, kisha akapuliziwa neostigmini puani. Akapata nafuu.

Sasa tega sikio, mama. Dawa hii haiui sumu. Humshikilia mgonjwa tu, tena si kwa kila nyoka. Swila atemaye mate, tunayemjua sana hapa kwetu, sumu yake huozesha nyama. Hapo neostigmini haina kazi. Koboko naye sumu yake husukuma neva zimwage ujumbe kupita kiasi, na dawa hii yaweza kuzidisha madhara. Ndiyo sababu hudungwa hospitalini, pamoja na atropini, na mfuko wa kupumulishia ukiwa karibu.

Usimchanje mtoto wala kufyonza jeraha. Mbebe, asitembee, akilegea mlaze ubavu. Ukifika, mwambie muuguzi aliumwa saa ngapi, na kope zilianza kulegea saa ngapi.