Airisi na urekebishaji wa mwanga katika kamera za usalama

Kurekebisha mwanga wa kamera ya usalama ni kuamua mwanga kiasi gani ufike kwenye kihisi chake, na kwa muda gani, ili anayerekodiwa aweze kutambulika. Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu kamera ikishafungwa ukutani haihami. Jua la adhuhuri hutoa takriban luksi 100,000, ofisi yenye taa luksi 300 hadi 500, barabara yenye taa usiku luksi 10 hivi, na mbalamwezi haifikii hata luksi 1. Kamera ile ile hutakiwa kuona katika hali zote hizo.

Airisi ni duara la vibamba vyembamba ndani ya lenzi, vinavyopanua au kubana tundu la kupitishia mwanga kama ifanyavyo mboni ya jicho. Ukubwa wa tundu huandikwa kwa namba za f: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8 na kuendelea. Namba ikipanda tundu hupungua, na kila hatua hukata mwanga nusu, hivyo kutoka 1.4 hadi 5.6 hubaki sehemu moja tu kati ya 16. Kamera nyingi za bei nafuu zina tundu lisilobadilika. Nyingine zina airisi ya kuzungushwa kwa mkono, inayofaa ndani ya jengo ambako mwanga hautofautiani sana, au airisi ya kujiendesha, inayofaa nje. Kampuni ya Axis ya Sweden na Kowa ya Japani zilitengeneza aina iitwayo P-Iris, ambayo mota yake huiwezesha kamera kujua tundu limefunguka kiasi gani na kulizuia lisibane mno. Tundu likibana kupita kiasi, mwanga hutawanyika na picha hupoteza ukali.

Kosa linalostahili kuangaliwa kuliko yote hufanyika mchana. Fundi anapanda ngazi jua likiwa kali, airisi imejibana, na kwa kuwa tundu dogo huonyesha vizuri vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja, kila kitu kwenye skrini kinaonekana safi hata kama fokasi haijakaa sawasawa. Usiku airisi inafunguka, eneo linaloonekana vizuri linapungua, na uso wa mtu aliyesimama getini unakuwa ukungu. Hapa ndipo kazi nzuri inapotofautiana na kazi ya kulipua. Fokasi hurekebishwa airisi ikiwa wazi kabisa: kwa kuifungua kupitia menyu, kwa kuweka kichujio cheusi mbele ya lenzi, au kwa kusubiri giza liingie. Kama kamera inatumia taa za infraredi, ni lazima ikaguliwe tena taa hizo zikiwaka, maana miale hiyo haikusanyiki mahali pale pale panapokusanyika mwanga wa kawaida.

Shata ndiyo hupanga muda. Kwenye umeme wa hezi 50, unaotumika Tanzania na Kenya, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huepusha mistari inayopita kwenye picha. Kamera iliyokuja imepangwa kwa hezi 60 za Marekani huonyesha mistari hiyo mpaka ibadilishwe kwenye menyu. Usiku, kamera iliyoachwa ijiamulie hupunguza kasi ya shata. Kwa 1/25, mtu anayetembea kawaida husogea zaidi ya sentimita 5 kabla shata haijafunga, na sura yake hufutika ingawa ukuta nyuma yake umetulia vizuri.

Mwanga usipotosha, kamera hukuza umeme wa kihisi. Kila desibeli 6 huuongeza maradufu, pamoja na chenga. Chenga hizo hubadilika kila fremu, mashine ya kurekodi huzihesabu kama mwendo, na diski hujaa mapema. Ni bora kuweka kikomo cha ukuzaji na kuongeza taa.

Mlango wa duka unaotazama barabara yenye jua una tatizo lake. Kamera hupima wastani, barabara nyeupe huuvuta wastani huo juu, na mteja anayeingia anakuwa kivuli. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga pungufu, kwa hiyo nyuso zetu ndizo hupotea kwanza. Mtu asimamishwe mlangoni, na kiwango cha mwanga kipandishwe mpaka macho na pua vionekane, hata kama barabara itaungua iwe nyeupe tupu. Mfumo wa WDR huunganisha fremu ya muda mfupi na ya muda mrefu ili pande zote zionekane, lakini anayekimbia huweza kuacha kivuli pembeni mwake.

Kusoma namba za magari ni kazi ya kamera nyingine kabisa. Gari la kilomita 50 kwa saa husogea zaidi ya nusu mita ndani ya 1/25 ya sekunde, na sentimita 1.4 ndani ya 1/1000. Shata ya kasi hiyo, ikisaidiwa na taa ya infraredi, hutoa usiku picha nyeusi karibu yote, isipokuwa kibao cha namba. Mwenye nyumba aelezwe hivyo mapema, asije akaagiza mwanga upandishwe na namba zikapotea.