Ukurasa Unaoonyesha Njia

Mtu akipewa gazeti la muziki au kitabu cha nyimbo, hufungua wapi kwanza? Wengi hutafuta orodha ya mambo yaliyomo. Huipitisha macho, huona namba, kisha huisahau. Lakini ukurasa huo mdogo una historia ndefu, na waimbaji wa Kanisa wamo katika mwanzo wake.

Zamani hapakuwa na nota. Wamonaki waliimba kwa moyo, na nyimbo zao zilikuwa mamia. Mwishoni mwa karne ya 8 iliandikwa orodha ya Saint-Riquier, katika nchi ya Ufaransa. Haikufuata kurasa wala alfabeti. Ilipanga nyimbo kwa zile namna 8 za sauti. Kwa nini? Kwa sababu mwimbaji alipaswa kujua sauti ipi ya zaburi yapatana na antifona ipi. Basi orodha ilifuata kazi ya mtu anayeitumia. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza.

Mwaka 1501, huko Venezia, Ottaviano Petrucci alipiga chapa kitabu kiitwacho Odhecaton, chenye nyimbo 96 za sauti nyingi. Sasa mambo yaligeuka. Mmonaki alikijua kitabu chake, bali mnunuzi wa mbali hakukijua. Petrucci aliweka orodha mwanzoni, nyimbo zikitajwa kwa maneno yake ya kwanza na kupangwa kwa herufi. Je, nasi hatufanyi vivyo hivyo? Wimbo twauita kwa maneno yake ya kwanza.

Kisha yakaja magazeti. Mwaka 1728, huko Hamburg, Georg Philipp Telemann alianza kutoa gazeti lenye muziki, kurasa 4 kila mara. Wimbo uliweza kuanza katika toleo moja na kumalizika katika toleo lingine. Asiyeyatunza yote alibaki na nusu ya wimbo! Mwaka 1798 likaanza gazeti kubwa la muziki la Leipzig, lililotoka kila juma. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, na namba ziliwekwa juu ya safu, si juu ya ukurasa. Kwa hiyo jicho lilifika upesi zaidi. Mwaka ulipokwisha ilitolewa orodha ya mwaka mzima, ili watu wayashone matoleo yote yawe kitabu kimoja. Habari ya juma moja ikawa mali ya kudumu.

Hata Afrika yetu imo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Kongo na Rwanda akinasa nyimbo za wenyeji, na mwaka 1954 gazeti la African Music lilianza kutolewa. Orodha ya sahani zake zaidi ya 200 ilitolewa mwaka 1973. Ndani yake hukuti jina la wimbo tu: waona pia lugha, mahali, waimbaji na vyombo vyao. Bila maneno hayo, sahani ingekuwa sauti isiyo na kwao.

Mambo haya yatuhusu sisi wa Goma kwa namna gani? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukaharibu sehemu kubwa ya mji, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tangu hapo kila mtu mjini ajua kwamba karatasi haina nguvu mbele ya moto. Daftari la korali likiungua, ni nani atakayesema nyimbo zipi zilikuwamo? Orodha iliyotunzwa nyumba nyingine itasema. Hairudishi nota, lakini yatuambia la kutafuta, na kwa nani tuulize.

Basi, ninyi walimu wa korali, hesabuni nyimbo zenu. Andikeni maneno ya kwanza, lugha yake, iwe Kiswahili, Kinande, Kinyarwanda, Kilingala au Kifaransa, jina la mtungaji, na wakati wake katika Misa. Namba zipangwe upande mmoja, zilingane, hata mzee mwenye macho dhaifu azione. Kisha fanyeni nakala ya pili, mkaiweke mbali na ya kwanza. Kazi hii yataka jioni chache tu, nayo itawafaa wajukuu wenu.