Hukumu ya Kusema Ukweli Mbele ya Maafisa wa Uhamiaji kwa Anayekwenda Kumtembelea Mume au Mke Nje ya Nchi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao Uingereza, Ulaya, Marekani au Ghuba. Aghlabu mume ndiye aliyeko huko na mke amebaki nyumbani na watoto, ingawa siku hizi kinyume chake nacho hutokea. Ukifika wakati wa kutembeleana, maswali huanza kwenye fomu ya viza na humalizikia dirishani uwanja wa ndege: unakwenda kwa nani, kufanya nini, utakaa muda gani, utarudi lini? Hapo jamaa huja na ushauri wao: "Usiseme kama una mume huko." "Sema unakwenda kutembea tu." "Sema ni kaka yako." Makala hii inaeleza hukumu ya majibu ya namna hiyo, hoja zinazotolewa kuyahalalisha, na jinsi ya kujibu bila ya kumuasi Allah.

Hukumu kwa ufupi

Kumjibu afisa wa ubalozi au wa uhamiaji kwa uongo ili upate viza au uruhusiwe kuingia nchini ni haramu, awe afisa huyo Muislamu au si Muislamu. Uharamu wake una sababu mbili. Kwanza, ni uongo, na Allah katika Surat At-Tawba aya ya 119 amewaamrisha walioamini wamche Yeye na wawe pamoja na wakweli. Pili, ni khiyana katika mkataba. Hata hivyo, sharia haimlazimishi mtu kusimulia yasiyoulizwa. Wajibu wake ni kwamba kila analolisema na kila analoliandika liwe kweli, na asifiche lile ambalo fomu au afisa amelitaka wazi.

Viza ni mkataba wa amani

Wanazuoni wetu wa zamani hawakuijua viza, lakini waliijua amani, yaani ruhusa anayopewa mtu kuingia katika nchi ya watu wengine akiwa salama. Ibn Qudama katika Al-Mughni amezungumzia Muislamu anayeingia nchi isiyo ya Kiislamu kwa amani yao, akabainisha kuwa si halali kwake kuwafanyia khiyana. Sababu aliyoitaja ni kuwa wao wamempa amani kwa sharti la kutowakhini, na sharti hilo lipo kimaana hata kama halikutamkwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa sharti ambalo halikutamkwa, basi vipi kuhusu fomu uliyoijaza na chini yake ukathibitisha kuwa maelezo yote ni ya kweli? Surat Al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba, na Surat Al-Israa aya ya 34 inatukumbusha kuwa ahadi ni jambo la kuulizwa.

Tuangalie pia kisa cha Hudhayfa bin Al-Yaman (R.A.), kilichopokewa na Imam Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa njiani na Makuraishi, wakaachiwa baada ya kuchukuliwa ahadi kwamba watakwenda Madina wala hawatapigana pamoja na Mtume (S.A.W.). Walipomfikia Mtume na kumpa habari, hakuwaruhusu kushiriki vita vya Badr, bali aliwaamuru waitimize ile ahadi. Na Waislamu siku hiyo walikuwa wachache na kila mtu alihitajika. Ahadi ile walipewa maadui wa vita, tena kwa kushikwa. Afisa wa viza si adui wa vita, na hakuna aliyetushika kutulazimisha tuombe viza yake.

Hoja tatu na majibu yake

Hoja ya kwanza: "Uongo kwa ajili ya mke umeruhusiwa." Hii hujengwa juu ya riwaya ya Umm Kulthum bint Uqba (R.A.) katika Sahih Muslim, inayotaja mambo matatu yaliyopewa ruhusa: vita, kupatanisha watu, na maneno ya mume kwa mkewe na mke kwa mumewe. Makusudio ya hilo la tatu ni maneno baina ya wanandoa wenyewe, kama mume kumsifu mkewe zaidi ya uhalisia ili mapenzi yadumu. Na hata baina yao, wanazuoni wamekubaliana kuwa haifai kudanganyana ili mmoja akwepe haki iliyo juu yake au achukue isiyo yake. Mtu wa tatu aliyekaa dirishani hahusiki na ruhusa hiyo. Anayeitumia kwake ameitoa hadithi mahali pake.

Hoja ya pili: "Nabii Ibrahim (A.S.) alisema Sara ni dada yake." Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini tuiangalie hali yake. Nabii Ibrahim alikuwa mbele ya mfalme jabari aliyekuwa akiwapora watu wake zao, na alikusudia undugu wa imani. Aliilinda heshima ya mkewe kwa neno lenye maana ya kweli. Afisa wa leo hataki kumpora mtu mkewe. Anataka kujua tu mgeni amekuja kwa nani na kama atarudi kwao. Tofauti ya hali mbili hizi haimfichikii mwenye akili.

Hoja ya tatu: "Sheria zao zinatenganisha mume na mke, kwa hiyo hii ni dharura." Uchungu wa kutengana ni kweli na haufai kudharauliwa. Kwa mfano, Uingereza tangu tarehe 11 Aprili 2024 imepandisha kima cha kipato kinachotakiwa kwa viza ya mwenza kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka, na wapo ndugu zetu wafanyao kazi kwa bidii ambao hawakifikii. Lakini dharura ya kisharia ni ile inayohofiwa kuondoa uhai, kiungo, heshima na mfano wa hayo, na pasiwe na njia nyengine. Mume anaweza kuja Zanzibar, wanandoa wanaweza kukutana nchi ya tatu, viza ya matembezi inaweza kuombwa kwa ukweli, na uamuzi wa kukataliwa unaweza kupingwa kwa njia za kisheria. Anayekimbia kuuawa ana mas-ala yake mengine, nasi hatumzungumzii hapa.

Je, tawriya inafaa?

Tawriya ni kutumia neno la kweli lenye maana mbili, msikilizaji akaelewa moja na wewe ukakusudia nyengine. Imam Nawawi katika Al-Adhkar ameeleza kuwa inafaa ikiwa pana haja au maslaha yanayokubalika kisharia. Pasipokuwa na haja inachukiza, na ikitumiwa kupata batili au kuzuia haki inakuwa haramu. Afisa ana haki ya kujua analouliza, kwani ndilo sharti la ruhusa yake. Aidha, imepokewa katika Sahih Muslim kuwa kiapo huhesabiwa kwa nia ya yule anayeapisha. Wanazuoni wameileta hadithi hii katika viapo, na tamko unalolitia saini ukithibitisha ukweli wake liko karibu mno na kiapo. Kwa hiyo mwanamke anayesema "nakwenda kwa ndugu yangu", akikusudia ndugu katika Uislamu ambaye ni mumewe, hakusalimika.

Ukweli wenyewe mara nyingi hauna tatizo

Watu wengi hudanganya kwa kuogopa jambo ambalo halikatazwi. Viza ya matembezi ya Uingereza, ambayo kwa kawaida ni ya hadi miezi 6, inaruhusu kumtembelea mume au mke. Kinachokatazwa ni kuhamia kwa kupitia viza hiyo, au kukaa nchini kwa ziara zinazofuatana. Nchi za Schengen zinaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Marekani humchukulia muombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia mpaka aonyeshe kinyume chake, kwa hiyo uthibitisho wa kurudi nyumbani ndio wenye uzito zaidi.

Uongo, kwa upande wake, una gharama kubwa. Uingereza inaweza kumfungia kwa miaka 10 aliyebainika kutumia udanganyifu katika maombi ya viza. Marekani humhesabu aliyedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi kuwa hafai kuingia maisha yake yote, isipokuwa akipata msamaha maalumu. Kwa Schengen, maombi na sababu za kukataliwa huhifadhiwa katika mfumo mmoja unaoonwa na nchi zote wanachama. Mke aliyeandika leo kuwa hajaolewa, mwaka kesho akiomba viza ya mwenza kwa cheti cha ndoa cha miaka mitano nyuma, kauli zake mbili zitakutana kwenye faili moja. Wiki mbili za kuonana zinaweza kugharimu miaka ya kukaa pamoja.

Namna ya kujibu

Ukiulizwa unakwenda kwa nani, sema: "Nakwenda kumtembelea mume wangu." Taja muda ule ule ulioandika kwenye fomu na ulioko kwenye tiketi. Ukiulizwa kama mna mpango wa kuhamia huko, sema lililopo: "Tunataka baadaye kuomba viza ya mwenza, lakini safari hii nitarudi tarehe fulani." Kutarajia kuhamia siku za mbele kwa njia yake si sawa na kudanganya juu ya safari ya sasa. Chukua vielelezo vya kweli: cheti cha ndoa, barua ya mwaliko ya mume, ruhusa ya kazini, barua za skuli za watoto wanaobaki. Usilolijua, sema hulijui. Usilolifahamu kwa lugha, omba mkalimani kuliko kuitikia "ndiyo" kwa kila swali.

Hali nne zinazoulizwa sana

Nikaha isiyosajiliwa. Anayeulizwa kama ameolewa, naye amefungishwa nikaha, ajibu kuwa ameolewa na aeleze kuwa cheti hakijatoka. Kisha ndoa isajiliwe. Hapa Zanzibar kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Mchumba. Asiitwe mume kabla ya nikaha, wala asiitwe binamu. Mwenye nia ya kufunga ndoa Uingereza ana viza yake ya kufungia ndoa, na ile ya matembezi ya kawaida haimruhusu. Mipaka baina ya wachumba na suala la mahram katika safari yana mlango wake, lakini kosa katika hayo halihalalishi uongo juu yake.

Mke wa pili. Uingereza na Marekani hazimpokei mke wa pili kama mke pamoja na wa kwanza. Hili ni zito kwa wanaohusika, na mume anapaswa kulieleza kabla ya nikaha. Ni dhulma kumuoa mwanamke kwa ahadi ya kumchukua, kisha kumtaka ajiandike kuwa ni mjakazi wa nyumba au shemeji.

Aliyekwisha kudanganya. Atubu kwa Allah: aache, ajute, aazimie kutorudia. Ikiwa maombi hayajaamuliwa, ayarekebishe au ayaondoe. Ikiwa yameshaamuliwa, amuone mwanasheria wa uhamiaji aliyeidhinishwa katika nchi husika kabla ya kuomba tena. Fomu ya mara nyengine ikiuliza kama amewahi kukataliwa viza, asizibe tundu la kwanza kwa kutoboa la pili.

Nasaha kwa familia

Jihadharini na madalali wanaouza taarifa za benki na barua za kazi za kughushi. Anayelipia ghushi ni mshirika wake, na jina litakaloandikwa kwenye kumbukumbu ni la msafiri, si la dalali. Wazazi nao wasimshinikize binti yao kudanganya kwa hoja kwamba ndoa itavunjika. Mume aliyeko huko ndiye mwenye jukumu la kwanza la kuzisoma kanuni na kuandaa maombi ya mkewe kwa ukweli.

La mwisho ni watoto. Wapo wanaosafiri na mama zao na kufundishwa kabla ya kushuka kwenye ndege: "Ukiulizwa, sema baba ni mjomba." Imepokewa na Abu Dawud kuwa mama mmoja alimwita mwanawe akimwambia njoo nikupe, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikuwa anataka kumpa nini. Akasema ni tende. Akamjuulisha kuwa lau asingempa kitu, angeliandikiwa uongo. Ikiwa hilo ni kwa tende moja, basi mtoto anayefundishwa kumkana baba yake mbele ya watu anafundishwa nini? Huyo huyo ndiye tunayemtaka kesho aje atwambie ukweli.

Tunamuomba Allah awakutanishe wanandoa waliotengana, azifanye nyepesi njia zao za halali, na azihifadhi ndimi zetu.

Wallahu a'lam.