Waliochelewa Kuvuta Kamba

Miavuli ya kwanza haikuwa na kamba ya kuvuta. André-Jacques Garnerin alipopaa kwa puto juu ya bustani ya Monceau, Paris, tarehe 22 Oktoba 1797, alikuwa ndani ya kikapu, na juu ya kichwa chake hariri ilining'inia imenywea. Alipofika karibu mita elfu moja akaikata kamba iliyomshika na puto. Hariri ikajaa upepo yenyewe, ikafumuka, akaanza kushuka. Lakini hewa iliyonaswa ndani haikuwa na mlango wa kutokea. Ilimwagika mara upande huu mara upande ule, na kikapu kikayumba kama ndoo inayopandishwa kisimani na mtoto. Alitua salama, ila hoi. Baadaye mwavuli ukatobolewa kileleni ili hewa ipate njia, na tundu hilo limebaki kwenye miavuli ya duara mpaka leo. Mwaka 1799 Jeanne-Geneviève Labrosse, ambaye baadaye alikuwa mkewe, naye akaruka, wa kwanza miongoni mwa wanawake.

Karne nzima ikapita hivyo: mwavuli unafunguka papo hapo, watu wanashangilia, kofia inapitishwa kukusanya senti. Ilikuwa kazi ya viwanja vya maonyesho, jirani na wacheza mazingaombwe. Hakuna aliyewaza kuporomoka kwanza na kufungua baadaye. Nami naona hapo ndipo mchezo wa leo unapoachana na ule wa Garnerin. Anayejiokoa hufungua haraka; mchezaji husubiri. Historia hii ni ya wale waliosubiri.

Bibi wa ukoo, kwa hesabu yangu, ni Georgia Ann Thompson wa North Carolina, aliyezaliwa 1893. Akiwa na miaka 12 alikuwa ameshaolewa, akiwa na 13 alikuwa mama, na riziki yake ilikuwa kiwanda cha pamba. Mwaka 1907 akaenda kwenye maonyesho mjini Raleigh, akamwona Charles Broadwick akipaa kwa puto la hewa ya moto na kushuka kwa mwavuli. Akamwendea, akamwomba amchukue. Mtoto akabaki kwa bibi yake. Broadwick akamfanya binti wa kulea, akampa jina lake, na kwa kuwa hakufika hata kilo 40, watu wakamwita Tiny, yaani Kadogo. Akaruka mara ya kwanza 1908, amevishwa marinda kama mwanasesere. Mwaka 1913, huko Los Angeles, akawa mwanamke wa kwanza kuruka kutoka kwenye ndege, rubani akiwa Glenn Martin.

Mwaka 1914 alikwenda San Diego kulionesha jeshi la Marekani mwavuli wa mgongoni uliobuniwa na Broadwick. Huo ulifunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege: ukiruka, kamba inakaza, inatoa kitambaa kwenye furushi, kisha inakuachia. Katika mruko wa nne kamba ikajisokota kwenye mkia wa ndege. Akajinasua, akatua. Mwingine angerudi nyumbani. Yeye, kwa mruko wa tano, aliikata kamba ile akabakiza kipande kifupi, akaruka, akaporomoka kidogo, kisha akakivuta kwa mkono wake. Waandishi wengi wa historia ya kazi hii huuhesabu mruko huo kuwa wa kwanza wa makusudi ambao mrukaji alijifungulia mwenyewe.

Imani ya zamani, hata hivyo, haikufa kwa mruko mmoja wa msichana. Iliaminika kwamba mtu akiporomoka angani pumzi humkatika, huzirai, mkono hukataa kumtii. Vita Kuu ya Kwanza ikapiganwa hivyo hivyo. Waliokaa kwenye maputo ya upelelezi walikuwa na miavuli, lakini marubani wa Uingereza na Marekani waliungua ndani ya ndege zao bila hata mmoja. Wajerumani wao walianza kuwapa marubani wao mwaka 1918. Ndipo tarehe 28 Aprili 1919, kwenye uwanja wa McCook mjini Dayton, Ohio, Leslie Irvin akaruka kutoka kiasi cha mita 450, akajiachia, akavuta, mwavuli ukafunguka. Wakati wa kutua akavunjika kifundo cha mguu, ila akili zake zilikuwa timamu njia nzima, na hilo ndilo lililotakiwa. Kuanzia 1922 waliookolewa na mwavuli wakawa na klabu yao, Klabu ya Viwavi, kwa heshima ya yule kiwavi anayetoa uzi wa hariri.

Kuporomoka ni jambo moja. Kuporomoka kwa adabu ni jingine. Warukaji wa zamani walishuka kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori: wanabiringika, wanazunguka kama pia, na wakivuta kamba katika hali hiyo nyuzi za mwavuli huwazonga. Aliyeleta adabu ni Mfaransa Léo Valentin, mzaliwa wa Épinal na askari wa miavuli, mwishoni mwa miaka ya 1940. Siri yake ni rahisi kueleza na ngumu kuiamini ukiwa mlangoni mwa ndege: tanua mikono na miguu, kifua mbele, mgongo upinde. Tumbo likiwa ndiyo sehemu ya chini kuliko zote, na viungo vimebaki juu yake, upepo hauna pa kukupindulia. Baada ya sekunde kumi na kitu mwendo hauongezeki tena; unasimama kwenye kilomita 190 hivi kwa saa, na ile hali ya moyo kudondoka inakwisha. Unakuwa umeulalia upepo.

Valentin hakuridhika na kulala. Alitaka kuruka kama ndege wa porini, akajitengenezea mabawa ya mbao. Tarehe 21 Mei 1956, mbele ya umati wa watu wapatao laki moja kwenye uwanja wa Speke, Liverpool, bawa liligonga mlango wa ndege alipokuwa akitoka, likavunjika, na mwavuli haukumfaa. Alikuwa na miaka 37.

Kufikia hapo mchezo ulikuwa na mashindano yake. Ya kwanza ya dunia yalifanyika Bled, Yugoslavia, mwaka 1951, na kwa miaka mingi Ulaya ya Mashariki na Ufaransa ndizo zilizotamba. Wamarekani, pamoja na Tiny wao na Irvin wao, walikuwa nyuma. Aliyewashtua ni Jacques-André Istel, aliyezaliwa Paris 1929, familia yake ikakimbilia Marekani wakati wa vita. Katikati ya miaka ya 1950 aliufuata ujuzi wa Wafaransa akaurudisha Marekani, na mwaka 1956 akaongoza timu ya kwanza ya Marekani kwenye mashindano ya dunia mjini Moscow.

Kisha ikaja Orange. Ni mji mdogo wa Massachusetts, kando ya mto Millers, na kabla ya miavuli ulisifika kwa vitu viwili: vyerehani vya New Home, na tapioka, ambayo ni wanga wa muhogo, muhogo huu huu wetu, uliovushwa bahari na kugeuzwa punje za kupikia uji mtamu wa maziwa. Katika mji wa sindano na muhogo, basi, ndimo kilimofunguliwa kituo cha kwanza cha biashara cha kuruka kwa mchezo nchini Marekani, Mei 1959, na Istel pamoja na Lew Sanborn. Uwanja wake wa ndege ulikuwa na ardhi ya kichanga, na mwenye vifundo vya miguu anajua thamani ya mchanga. Sanborn ndiye aliyepewa leseni namba 1 ya daraja la juu ya warukaji wa Marekani. Istel akapewa namba 2.

Istel alishikilia kwamba mtu wa kawaida, karani au mwalimu wa shule, anaweza kufundishwa kwa saa chache na kuruka siku hiyo hiyo. Ili hilo liwezekane, ile kamba aliyoikata Tiny ikarudishwa, safari hii kama mwalimu wa wageni. Ndege ndogo ya Cessna iling'olewa mlango. Mwanafunzi alitoa mguu nje, akakanyaga gurudumu, akashika nguzo ya bawa, upepo ukimpiga usoni, akingoja kofi la mwalimu pajani. Akiruka, kamba ilimfungulia. Akishaonesha kwamba anatulia angani, aliruhusiwa kuchelewa sekunde tano, kisha kumi, kumi na tano, thelathini. Kuchelewa kukawa na madarasa kama shule.

Vifaa vilikuwa mabaki ya jeshi. Mwavuli wa marubani wenye kipenyo cha mita 8.5 ulinunuliwa kwa bei ya chini, ukakatwa matundu upande wa nyuma ili hewa inayotoka iusukume mbele. Kila fundi alikuwa na mkato wake wa matundu na aliutetea kama mpishi anavyotetea pilau lake. Mwavuli wa akiba ulikaa tumboni, na juu yake, kama dashibodi, saa na kipimo cha kimo. Buti zilikuwa nzito, maana kutua kulikuwa kuanguka: nyayo, shavu la mguu, paja, tako, ubavu, kwa mpango huo, vinginevyo mfupa utalipa.

Sisi wa Kiswahili tuliuona mwavuli kwa sura nyingine. Watu wa Kisangani, Kongo, wakati huo Stanleyville, waliamka tarehe 24 Novemba 1964 wakaona askari wa Ubelgiji wakidondoka juu ya uwanja wa ndege. Kolwezi ikaona Wafaransa Mei 1978. Mtalii anayeshushwa Diani leo kifuani mwa mwalimu, wawili kwa mwavuli mmoja, ni habari ya juzi. Mtindo huo ulianza miaka ya 1980.

Mei ile ile ya 1959 ambayo Orange ilifungua milango, mfanyakazi mwingine wa kiwanda cha nguo, huko Yaroslavl, Urusi, aliruka mara ya kwanza katika klabu ya mjini kwao. Jina lake Valentina Tereshkova. Chombo cha anga za juu cha Vostok hakikuwa na namna ya kumtua mtu kwa upole. Mwanaanga alirushwa nje kilomita saba juu ya ardhi akamalizia safari kwa mwavuli wake. Kwa hiyo Wasovieti walipotafuta mwanamke wa kwenda anga za juu walitafuta mrukaji, na Juni 1963 Tereshkova akarudi duniani akining'inia kwenye kamba, kama Tiny.

Huko juu wengine walichelewa kupita kiasi cha michezo. Tarehe 16 Agosti 1960 Joseph Kittinger aliruka kutoka kilomita 31 juu ya New Mexico. Tarehe 1 Novemba 1962 Mrusi Yevgeni Andreyev aliporomoka zaidi ya kilomita 24. Mwenzake wa puto hilo hilo, Pyotr Dolgov, kioo cha kofia ya vazi lake kikapasuka, akafa.

Wale wa viwanja vya kawaida walikuwa na hamu nyingine, kushikana. Mwaka 1958 mrukaji alimpa mwenzake kijiti wakiwa wanaporomoka. Mwaka 1965 vijana wa Arvin, California, wakashikana mikono wanane, wakafanya duara. Kila aliyeongezeka alihitaji muda, na muda angani hununuliwa kwa kimo, basi ndege zikapanda juu zaidi. Tarehe 27 Agosti 1967, Ohio, ndege ya zamani ya kivita aina ya B-25 ilipanda na warukaji 20 mpaka karibu mita 6,000. Chini kulikuwa na wingu zito. Mwongozaji wa ndege ardhini aliwaambia wako juu ya uwanja. Kumbe alikuwa ameichanganya na ndege nyingine. Kumi na wanane walitoka. Waliporomoka zaidi ya dakika moja, wakalipita wingu, na chini yao palikuwa na ziwa Erie, ufuko uko mbali, na wao wamevaa buti zile zile nzito bila kitu cha kuelea. Waliookolewa ni wawili. Sheria ya kutoruka juu ya wingu ilikuwapo tayari.

Miavuli nayo ilibadilika upesi. Mwaka 1964 ulikuja Para-Commander, wa duara bado lakini wenye matundu mengi, ukimwezesha mrukaji kuchagua pa kukanyaga. Mwaka huo huo Domina Jalbert, mtengeneza tiara wa Florida, aliomba hataza ya mwavuli wa pembe nne uliogawanywa vyumba vinavyojaa hewa na kuwa bawa. Warukaji wakaanza kutua wima. Mwavuli wa akiba ukahama tumboni ukaenda mgongoni, na Bill Booth akabuni pete tatu zinazopokezana uzito, ili mwavuli uliokwama uachiliwe kwa mvuto mmoja mwepesi.

Tiny Broadwick aliacha kuruka 1922, vifundo vya miguu vimechoka, baada ya miruko zaidi ya elfu moja. Mwaka 1964 aliutoa mwavuli wake mmoja, ulioshonwa na Charles Broadwick, kwa makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Alifariki 1978. Wakati huo vijana viwanjani walikuwa wanaiacha hata kamba ya kuvuta: walichomoa kimwavuli kidogo mfukoni, wakakitupa kwenye upepo, nacho kikautoa ule mkubwa.